Mwaka wa mtoto kwenye kadi ya kliniki

Desemba ikifika, wazazi wengi hupitia picha za mwaka kwenye simu: jino la kwanza, hatua ya kwanza, keki ya kutimiza mwaka mmoja. Kumbukumbu nyingine nzuri iko kabatini, kwenye kadi ya kliniki.

Mstari wa uzito unaonyesha jinsi mtoto aliyezaliwa na kilo 3 alivyokaribia kilo 9 alipotimiza mwaka. Pale uliposhuka, mama anakumbuka wiki ya homa na kuharisha, na usiku aliokesha. Ulipopanda tena, mtoto alikuwa amerudi kula. Hayo nayo ni mafanikio ya mwaka, ingawa hakuna aliyeyapiga picha.

Kadi huonyesha pia kilichobaki. Nchini Tanzania, chanjo ya surua na rubella hutolewa mara mbili: mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Ya pili husahaulika kwa urahisi kwa kuwa mtoto ameshaanza kutembea, anakula ugali na wenzake, na safari za kliniki zimepungua. Lakini dozi moja haiwakingi watoto wote. Ya pili huwapa kinga wale ambao ya kwanza haikuwashika.

Hivyo kabla ya safari ya sikukuu, baba na mama waifungue kadi pamoja. Wakikuta nafasi ya miezi 18 iko wazi na umri umeshapita, wampeleke mtoto kliniki hata kama wamechelewa. Na wakienda kijijini, kadi isafiri nao.