Sufu ya mtumba yamtosha mwindaji

Mhariri,

Makala yenu kuhusu msimu wa kulungu hapa Minnesota iliwaelekeza wasomaji kwenye maduka ya bei mbaya bila sababu. Novemba mwindaji hukaa porini saa nyingi bila kujongea, na pamba ikishalowa jasho humgandisha. Sufu hata ikipata unyevu hutunza joto, tena haipigi kelele kama nailoni; kulungu ana masikio, jamani! Suruali kuukuu za jeshi na sweta za mitumba zinatosha kabisa. Soma lebo ya ndani kwanza, kwani nyingi ni akriliki tupu. Kisha inua nguo kwenye mwanga, utazame matundu ya nondo kwapani na magotini. Ifue kwa maji baridi, usiikamue. Kizibao cha rangi ya chungwa kali nunua kipya. Kuvaa rangi kali ya chungwa au ya waridi ni sheria.

Msomaji wenu,
Duluth, Minnesota