Samahani ya Just A Band Mimi Sijaipokea

Wacha niseme kitu ambacho wasee wa Nairobi hawapendi kuskia: albamu ya tatu ya Just A Band ilituangusha. Miaka yote hii watu wamenyamaza kwa sababu wanaogopa kuonekana hawajui muziki. Mimi siogopi. Mimi ni wa Kitui, hakuna mtu aliwahi kunipa hiyo heshima ndio niogope kuipoteza.

Na kabla uanze kupanda: najua. Ni magwiji. Walifungua njia. Bila wao nusu ya wale unaowaita "alternative" hawangekuwa na pa kusimama. Yote hiyo naikubali, na ndiyo maana nina hasira. Bendi mbovu haikasirishi mtu, unaipita tu kama duka limefungwa. Mtu akikuonyesha anaweza, halafu asifanye, hapo ndio unaumia.

Kwa wale wadogo wangu ambao hii jina wanaiskia mara ya kwanza, dakika mbili za historia. Bendi ilianza 2003. Walikuwa wanne: Blinky Bill Sellanga, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Sasa majina kama Muli, Mbithi na Masya ukiyaita kwa nguvu Wote siku ya soko, watu kumi wanageuka. Sisemi nani ametoka wapi. Nasema tu mbaitu walikuwa na sababu ya kutega sikio.

2008 wakatoa Scratch to Reveal. 2009, mwaka mmoja tu baadaye, wakatoa 82. Fikiria hiyo Kenya kidogo. Redio imejaa genge na kapuka, halafu hawa wanakuja na muziki wa kompyuta, house na funk na disko, na hawajifanyi wametoka Ufaransa. Wimbo mmoja jina lake ni la Kijaluo, Iwinyo Piny. Mwingine ni Sheng tupu, Usinibore. Mashine ilikuwa ya Ulaya na mdomo ulikuwa wa hapa.

Halafu 2010 ikaja video ya Ha-He, na Makmende. Makmende lilikuwa jina la mtaani toka miaka ya tisini. Mtoto akijifanya steringi anaulizwa, "kwani unadhani wewe ni Makmende?" Wakalitoa hilo jina kwa vumbi, wakalivalisha afro, wakalipa biti. Nchi ikalipuka. Utani wa Makmende ukajaa Facebook na Twitter, CNN wakaandika, na mpaka leo watu wanaitaja kama kitu cha kwanza cha Kenya kuenea hivyo kwa intaneti. Na hii ni 2010, bro. Huku kwetu simu zilikuwa za kubonyeza, video ikitembea kwa flashi na Bluetooth.

Sasa skiza vizuri, kwa sababu kesi yangu yote iko hapa. Wakati huo Just A Band walikuwa wameshika kitu ambacho hakuna msanii wa kompyuta Kenya alikuwa ameshika kabla yao: nchi nzima. Sio wale wa bustani za tiketi peke yao. Mtoto wa Mtito Andei ambaye hajui house ni nini alikuwa anajua Makmende. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Walichohitaji ni kuingia.

Tukangoja. 2010 ikaisha. 2011 ikaisha. 2012 ndio albamu ikaja, na jina lake ni Sorry for the Delay. Samahani kwa kuchelewa.

Wengi walicheka, wakasema ni jina la kijanja. Mimi naona hilo jina ndilo kosa la kwanza. Ukichelewa miaka mitatu halafu unaandika samahani juu ya kifuniko, umeshajisamehe mwenyewe. Umemwambia msikilizaji acheke pamoja na wewe kabla hajapima kama ulichomletea kinatosha. Ni kama makanga amekuchelewesha saa mbili steji ya Emali, halafu gari likija limeandikwa "Pole" kwa kioo cha mbele. Sawa, nimeona. Lakini je, gari linafika?

Kwa sikio langu, halikufika. Albamu ni safi, hilo siwezi kataa. Imepangwa, imeoshwa, imepigwa pasi. Weka hedifoni nzuri utaskia kazi. Lakini ule uchafu mtamu wa 82 hauko. Ile hali ya watu wanaocheza na mashine kama watoto wanaocheza na gari la waya, wakiichokoza ione itafanya nini, imepungua sana. Ni muziki wa kukaa nao vizuri. Sio muziki wa kukuamsha. Na nitajie wimbo mmoja kutoka hiyo albamu uliofanya nusu ya kile Ha-He ilifanya. Mmoja tu. Usiniletee ule ambao wewe na marafiki zako wawili mnaupenda. Niletee ule ambao dereva wa Kitui–Mwingi anaujua.

Unaona vile kumenyamaza?

Najua majibu yenu, nimeyaskia yote. Wacha niyapange moja moja.

La kwanza: "Wewe ulikuwa mtoto 2012, utajuaje?" Ni kweli, nilikuwa mtoto. Nilizikuta albamu zote tatu kwa siku moja, zikiwa zimepangwa foleni, bila hamu ya kungoja na bila marafiki wa kuniambia nipende gani. Kwa hivyo mimi ndio shahidi mzuri kuliko wewe uliyekuwa shoo yao ukiwa na miaka ishirini na moyo mkubwa. Sina kumbukumbu ya kulinda. Nikisema 82 inanirusha na ile ya tatu inanituliza, nasema vile masikio yangu yamesema.

La pili: "Msanii hana deni kwako." Hili ndilo mnalipenda sana. Msanii akikaa kimya bila kuahidi kitu, kweli hana deni. Lakini ukishawaambia watu wangoje, umekopa. Wakati ni mkopo. Mama mboga anajua hivyo, mkulima anajua hivyo, msanii tu ndiye tumemwambia hajui. Muulize mkulima wa Makueni kuhusu maembe. Ukichuma mapema ni machungu, ukichelewa yanaanguka na nzi wanaanza sherehe. Hakuna mtu analiambia embe "samahani kwa kuchelewa" likakubali kurudi mtini.

La tatu: "Hakukuwa na pesa. Watu walikuwa wananakili kwa flashi." Hapa nakubaliana na nyinyi, na tena naongeza: sisi mashabiki tulichangia. Tulikuwa tunapeana nyimbo saiba kwa shilingi kidogo na hakuna senti ilifika kwa mwenye kazi. Lakini hiyo inaeleza kwa nini albamu ilichelewa. Haielezi kwa nini ilipofika ilikuwa imepoa. Umaskini haujawahi kupoza muziki wa Kenya. Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo hawakuwa na studio za ajabu, lakini Kakai amekufa tangu 1987 na bado ukiweka gitaa lake kwa arusi Kitui, shosho anaangusha fimbo.

La nne, na hili ndilo lina uzito: "Hawakulala, waliendelea na kazi zingine." Kabisa. Mbithi Masya alitengeneza filamu ya Kati Kati 2016, ikapelekwa tamasha la Toronto na ikashinda tuzo ya wakosoaji. Jim Chuchu yuko nyuma ya Stories of Our Lives ya 2014, filamu ambayo serikali iliipiga marufuku hapa nyumbani. Blinky Bill alitoa albamu yake mwenyewe 2018, na ni kali. Mmoja mmoja hawa watu ni hatari. Lakini angalia vizuri unachoniambia. Unaniambia moto ulikuwepo, ni vile tu haukuwekwa kwa jiko tulilokuwa tumeketi. Hiyo haipunguzi uchungu wangu. Inauongeza. Baada ya Sorry for the Delay ilipita zaidi ya miaka kumi bila albamu ya nne ya bendi. Ile samahani ya 2012 ikageuka kwaheri, na hakuna mtu alituambia.

Sasa kwa nini kijana wa Kitui anakosa usingizi juu ya albamu ya 2012? Kwa sababu watu wa huku tunajua kungoja kuliko mtu yeyote. Tunangoja mvua ya Novemba. Tunangoja bwawa la Thwake, ambalo tarehe ya kumalizika imesukumwa mpaka tumeacha kuiandika. Tumefundishwa kwamba kungoja ni tabia nzuri, na anayeuliza "lini?" hana adabu. Tukaleta hiyo adabu mpaka kwa muziki. Msanii anachapisha picha akiwa studio, anaandika "jambo linapikwa", sisi tunajaza moto wa emoji miaka miwili. Kitu kikija kibovu tunasema "wacheni akue". Hatukosoi, tunaomboleza kimyakimya halafu tunangoja tena.

Na gharama tumelipa sisi. Ule mlango wa 2010 ulipojifunga, muziki wa kompyuta Kenya ulirudi kwa bustani: tiketi ghali, mablanketi, watu wale wale mia tano wanaojuana kwa majina. Kijana wa Kibwezi mwenye simu na programu ya kutengeneza biti akabaki bila mtu wa kumtazama aseme, "huyu ametengeneza mashine ikaongea lugha yangu, na nchi ikaskia."

Angalia wenzetu ambao hawakungoja. Dar es Salaam, vijana wa uswahilini walichukua vinanda vya bei rahisi na vipande vya taarabu, wakavikimbiza mpaka zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, wakaita singeli. Hakuna aliyewapa ruhusa. 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyo kutoka studio moja ya mtaani, na leo madijei wa singeli wanarusha majukwaa ya Ulaya. Hata Nairobi wako: Slikback alitoka 2018 na sauti ambayo ni kama lori linaanguka ngazi, na KMRU alitoa Peel 2020, tulivu kama alfajiri. KMRU ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule gwiji wa Kikuyu, na amekuwa akitoa tena nyimbo za babu yake ili watu wazipate. Mjukuu anapiga kompyuta mchana, usiku anafuta vumbi kwa santuri za babu.

Sisi nani anatufanyia hivyo? Tuna ngoma za kilumi, ambazo shosho zetu walipiga wakiomba mvua. Tuna benga ambayo tayari inapigwa kwa kinanda na ngoma za mashine, kila wikendi, kutoka Mwingi mpaka Sultan Hamud, mpaka asubuhi. Huo ni muziki wa kompyuta, wasee! Ni vile tu haujavaa miwani. Lakini wenye kuupiga wanatupa nyimbo mmoja mmoja, wiki hii matusi kwa mpinzani, wiki ijayo sifa za mheshimiwa aliyelipa jina litajwe, na hakuna anayeketi kutengeneza albamu nzima, kitu chenye mwanzo na mwisho, kitu ambacho mtoto wa 2040 atakikuta kwa foleni kama vile mimi nilikuta 82. Kwa hivyo msidhani nawapiga Nairobi pekee. Nairobi waliahidi wakachelewa. Sisi hata kuahidi hatujaahidi.

Just A Band wakirudi kesho na albamu mpya, nitaiskiza dakika ya kwanza. Nitainunua. Ikiwa kali nitapiga kelele kuliko nyinyi wote. Lakini sitaisamehe kwa sababu ya Makmende, na wewe pia usiisamehe. Heshima ya kweli kwa msanii mkubwa ni kumpima na kipimo chake mwenyewe, na kipimo chao walikiweka wao 2009.

Na wewe uliye Kitui, Wote, Kibwezi, una simu na hedifoni za mia mbili: acha kungojea mtu wa Nairobi akutengenezee sauti yako. Nenda karekodi hiyo kilumi kabla wanaoijua hawajaisha. Ikimbize, ivunje, itie besi. Maliza nyimbo nane, zipange, zipe jina. Zikiwa mbovu nitakuambia ni mbovu. Chochote uipe jina, lakini kwa heshima zote, usianze na samahani.