Magadi ya Kajiado na Sufuria Zetu



Sura ya 57 ya Qur'ani Tukufu yaitwa Al-Hadid, yaani Chuma, na humo twakumbushwa kwamba chuma kina manufaa kwa watu. Manufaa hayo yataka kila madini yatumiwe mahali pake. Wiki hii twawaelekea akina mama, hasa jamaa zetu wa Pwani waliohamia Kitengela.

Kitengela imo katika Kaunti ya Kajiado, na kaunti hiyo ndiyo yenye Ziwa Magadi, ambako kampuni ya kuchimba magadi iliundwa mwaka 1911. Magadi hayo ndiyo tuyatiayo katika kunde ili zilainike upesi. Lakini twazipika katika sufuria gani?

Sufuria nyingi ni za alumini: nyepesi, rahisi, zapitisha moto upesi. Alumini hujikinga kwa utando mwembamba unaotokana na hewa. Magadi yanapochemka huuyeyusha utando huo. Ukwaju na ndimu nazo huudhoofisha. Ndipo sufuria inapokuwa nyeusi na kufanya vitundu, na madini yakaingia mchuzini. Figo nzima huyatoa mwilini; mgonjwa wa figo hana kinga hiyo.

Zito zaidi ni sufuria zinazomiminwa kutokana na vyuma chakavu. Fundi wa jua kali hutafuta riziki ya halali, ila hawezi kujua kila kilichomo ndani ya tanuri lake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta risasi katika sufuria za namna hiyo nchini Cameroon, na risasi, hata kidogo, hudhuru akili ya mtoto. Sufuria hizo tuziache kwa maji ya kufulia.

Kwa kunde na mchuzi wa ukwaju, twaona bora stenlesi, ambayo ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, mara nyingi asilimia 18, na nikeli asilimia 8. Aibu yake ni kupitisha moto polepole, na pilau huungua chini. Basi inunuliwe yenye kitako kinene. Chungu nacho chafaa. Bibi zetu walipikia shaba, lakini ndani ilipakwa bati, na bati lilipochakaa ilirudishwa kwa fundi.

Na ile desturi ya kusugua alumini kwa majivu kila asubuhi mpaka ing'are? Majivu yana ukali wa namna ya magadi, nayo huondoa utando ule ule.