Jini wa kitabuni hamtuhumu mtu

Mtoto wa Goma akionekana na riwaya yenye majini, wanyama wanaosema au mtu aliyegeuzwa nyani, baadhi ya wazazi na wachungaji hutoa hukumu kabla ya kufunua ukurasa wa pili: kitabu hicho kinafundisha uchawi. Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa hoja, si kubezwa. Katika nchi yetu ya Kongo uchawi si jambo la kuchezea. Mtoto akishaitwa mchawi anaweza kupigwa, kufungiwa bila chakula ili aombewe, au kufukuzwa nyumbani akaishia barabarani. Ila naona wanaoogopa wanaitazama hatari upande usio wake. Riwaya nzuri ya maajabu humzoesha mtoto kuuliza swali ambalo watu wenye kutuhumu hawapendi kulisikia: huyu mnayemwita mwovu, amefanya nini?

Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Maajabu yamejaa humo. Kuna jini, kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na kuna ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa manyani, ambao Adili analazimika kuwachapa viboko kila usiku ingawa ni ndugu zake wa damu. Mchungaji anayefungua kitabu hapo atashtuka, na ana sababu. Lakini aendelee kusoma, aone hatia inavyothibitishwa. Hasidi na Mwivu hawakuhukumiwa kwa sababu walikuwa yatima, au walikojoa kitandani, au waliota ndoto mbaya. Walimtosa ndugu yao baharini kwa wivu, na msomaji amekiona kitendo chenyewe. Uwezo wa kijini unakuja baada ya kosa, ukiwa adhabu. Hautumiki kama ushahidi. Tena aliyedhulumiwa ndiye anayeumia kwa kila kiboko anachopiga, na msomaji mdogo hawezi kukwepa swali la pili, iwapo adhabu hii imezidi au ni ya haki. Watoto wawili wakibishana juu ya hilo, mmoja akiwaonea huruma manyani na mwingine akisema wamestahili, wanafanya kazi ambayo watu wazima wengi wamekataa kuifanya.

Sasa linganisha na tuhuma za kweli. Mwezi Septemba 2021, jirani zetu wa Kivu Kusini walishuhudia wanawake, wengi wao wazee, wakiuawa huko Kabare, Kalehe na Walungu kwa kudaiwa kuwa wachawi, baadhi yao wakiwa wametajwa na manabii wa kike wanaoitwa bajakazi. Hapakuwa na kitendo ambacho mtu yeyote alikiona. Palikuwa na ugonjwa, msiba, umaskini, na mtu aliyedai kujua wa kulaumiwa. Wauaji hawakuhitaji riwaya yoyote. Hata Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inapokataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009, inayomtishia mtuhumu kifungo cha mwaka 1 hadi 3, zinamlenga mtu mzima anayenyoosha kidole. Mwandishi wa hadithi hakutajwa humo, na hakusahauliwa kwa bahati.

Wapo watakaosema kwamba mtoto mdogo hatofautishi hadithi na ukweli. Wazee wetu hawakuamini hivyo, la sivyo wasingesimulia. Watoto wa mji huu wamekua na simulizi za sungura na fisi katika Kinande, Kihunde, Kinyarwanda na Kishi, na sijui mtoto aliyekwenda kumshtaki fisi. Hata mlima unaotuangalia una masimulizi yake: katika imani ya zamani ya kumwabudu Ryangombe, roho za waliojiunga naye zilikwenda mlima Karisimbi, na za wengine kwenye moto wa mlima wetu huu, Nyiragongo. Mtu anaweza kuikataa imani hiyo kwa moyo wote na bado akamsimulia mwanawe. Tukianza kuchoma kila chenye harufu ya ajabu, moto hautachagua. Huko Gdańsk, Poland, mwezi Machi 2019, mapadri walichoma vitabu vya Harry Potter hadharani, na katika moto uleule kilikuwamo kinyago cha Kiafrika. Aliyeandaa tukio aliomba radhi baadaye, lakini sisi tuna sababu ya pekee ya kuukumbuka moto ule.

Pingamizi zito zaidi, kwangu, ni la wale wasemao kwamba mtoto wa Goma ameona mengi mno, kwa hiyo apewe vitabu vya ukweli. Ni kweli ameona. Mwaka 2002 lava ilikata katikati ya mji na kuwaacha zaidi ya watu 100,000 bila makao; Mei 2021 mlima ukalipuka tena; Januari 2025 vita viliingia mitaani. Vijitabu vya kipindupindu na vya mabomu yaliyozagaa lazima viendelee kutolewa. Lakini hivyo humwambia mtoto namna ya kunusurika tu. Havimpi mahali ambapo mtoto kama yeye anaondoka, anapotea, anaamua mwenyewe, na kuwajibika kwa alichoamua. Mtoto aliyekimbizwa huku na huku bila kuulizwa anakihitaji kitu hicho kuliko mwingine yeyote.

Jambo moja nakubaliana na wenye hofu. Ziko hadithi ambazo mwovu hutambulishwa kwa uzee wake, kwa kibyongo au kwa ngozi yake, na hizo zinafanana mno na maneno ya bajakazi. Zisifichwe. Mwalimu, mzazi au mchungaji azisome pamoja na watoto, kisha awaulize ni ukurasa gani ulioonyesha kosa la bibi kizee yule. Wakitafuta wasiupate, wataelewa kwamba aliyekosea ni mwandishi, na watakuwa na haki ya kumwambia hivyo.