Kabla ya bei, tuone hati

Wadau, kama unaishi Dar umeshayaona maandishi haya ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Wengi tunacheka na kupita. Mimi naona ni aibu yetu sote. Mwenye mali anachafua ukuta wake mwenyewe ili kumtangazia mpita njia kwamba mali yake ni yake. Maana yake mjini hapa mtu asiye na nyumba anaweza kuiuza, na mnunuzi akapatikana.

Anapatikana kwa sababu tunaanza mwisho. Dalali anakutoza hela ya kuonyeshwa nyumba. Unaonyeshwa vyumba, unafungua bomba, unauliza kituo cha daladala kiko wapi. Mnapatana bei, unatoa advansi. Hati je? "Usijali, ipo benki." Ndugu yangu, hapo ndipo ulitakiwa ujali! Hati ikiwa benki, huenda nyumba imewekwa rehani, na haiuzwi bila benki kukubali.

Karatasi zenyewe si nyingi. Hati miliki, au leseni ya makazi. Risiti za kodi ya pango la ardhi. Ridhaa ya maandishi ya mke au mume, kwani kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kama mwenye nyumba amefariki, barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Kuwa kifungua mimba wa marehemu hakutoshi.

Utaniambia mnunuzi aende kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Sawa, aende. Lakini nyumba nyingi za mji huu ziko kwenye maeneo ambayo hayajapimwa, na huko kwa Msajili hazimo. Kinachobaki ni mkataba aliouziwa muuzaji, majirani na muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti aliyeshuhudia mauzo akishindwa uchaguzi, nani atakuwa na kumbukumbu?

Hoja yangu ni hii: muuzaji atoe nakala za karatasi zake kabla nyumba haijatangazwa, na dalali asiipokee bila nakala hizo. Kwa muuzaji mkweli gharama ni ya fotokopi. Anayeuza nyumba ya urithi atagundua mapema kwamba mirathi haijafunguliwa, badala ya kugundua akiwa ameshakula advansi ya watu.

Matapeli watafoji? Watafoji. Ila karatasi ya kufoji ni ushahidi, na kughushi ni jinai. Maneno ya kijiweni hayaachi alama. Hata Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa kuuza uwe wa maandishi ndipo mahakama iweze kuusimamia.

Hapa anayeumia si tajiri mwenye mwanasheria wake. Ni kijana aliyekopa SACCOS ya kazini, akanunua kesi akidhani amenunua nyumba. Ni mama anayeamka na kukuta mgeni sebuleni ana mkataba uliosainiwa na baba watoto.

Mpaka sheria itakapomlazimisha muuzaji, tumlazimishe sisi. Kabla hujauliza vyumba vingapi, uliza hati ina jina la nani.

Nawasilisha.