Neno Moja kwa Tawi Halitoshi
Tony Buzan, Mwingereza aliyeitangaza ramani ya mawazo kupitia BBC mwaka 1974, alishikilia katika vitabu vyake kanuni hii: kila tawi libebe neno moja tu. Kwa kuibua mawazo, sawa. Kwa kujifunza, inapotosha.

Tuchukue malaria. Mwanafunzi anaiandika katikati, kisha anachora matawi: “mbu”, “vimelea”, “homa”. Ramani inapendeza, lakini haisemi nani anafanya nini. Anayedhani mbu mwenyewe ndiye ugonjwa atachora sawasawa na aliyeelewa. Mwalimu atawatofautishaje?

Joseph Novak wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walipata jibu mwaka 1972, walipokuwa wakifuatilia uelewa wa watoto katika sayansi. Kwenye ramani zao, mstari wenyewe huandikwa maneno: mbu jike wa Anofelesi “hueneza” vimelea, vimelea “husababisha” homa. CmapTools, programu ya kompyuta ya kuchora ramani hizo inayotolewa bure na taasisi ya IHMC ya Florida, huweka alama za kuuliza juu ya kila mstari mpya, zikisubiri maneno hayo.

Hapo kosa huonekana, na mwalimu hulisahihisha. Shule inayochagua programu iangalie kwanza kama mistari yake huandikwa maneno, kabla ya rangi na picha.