Kiitaliano si cha Malindi peke yake

Wiki jana mjomba alinikuta kando ya shamba la chai nikirudia maneno ya simu. "Unasoma nini?" Nikamwambia Kiitaliano. Akacheka weee. "Uliacha chuo ndio uje usome lugha ya vijana wa ufuoni?"

Wasee, hicho kicheko nimekichoka. Hao vijana wa Malindi na Watamu hakuna aliyewalipia darasa. Waitaliano wako pwani ile tangu miaka ya 60, wakati walijenga kituo cha San Marco na kurusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967. Vijana wakasikiliza watalii, wakajaribu, wakachekwa, wakajaribu tena. Leo wanabishana bei kama wamezaliwa Napoli. Sisi huku Sosiot tumesoma Kiingereza miaka 12, na mgeni akitusalimia tunaangalia viatu. Nani amcheke nani?

Lakini hasira yangu kubwa si ya mjomba. Ni kwamba ukitaka Kiitaliano hapa lazima upitie Kiingereza kwanza. Programu ya simu ni Kiingereza, vidio ni Kiingereza. Kwani tunazunguka mlima wa nini na njia iko hapa?

Cheki. Sisi tunasema "naongea", mtu yuko ndani ya kitenzi. Mwitaliano anasema "parlo", imeisha. Tofauti ni kwamba sisi mtu tunamweka mbele, yeye anamweka nyuma: parlo, parli, parla. Naongea, unaongea, anaongea. Mtoto mdogo, watoto wadogo. Bambino piccolo, bambini piccoli. Mwingereza hapo lazima aelezwe kwa nini "dogo" inabadilika. Wewe umebeba ngeli tangu shule ya msingi, sasa kike na kiume tu zikushinde?

Hata herufi. Ch yao ni k yetu, na c yao ikifuatwa na i au e ni ch yetu. Kericho wangeiandika Chericio. Siku niligundua hiyo nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Sisemi ni mteremko. Konsonanti mbili zimenitesa: nono ni wa tisa, nonno ni babu, na sikio langu bado linakataa. Halafu kuna mitihani, CILS ya Siena na CELI ya Perugia. Ukitaka digrii inayofundishwa kwa Kiitaliano, mara nyingi utaulizwa B2, na B2 si "ciao bella".

Ndiyo maana wale wa "Kiitaliano siku 30, kazi Ulaya" wananichemsha damu. Binamu yangu alitumia mmoja wao pesa ya bonasi ya chai ya mama yake. Bonasi, wasee. Ile inangojewa mwaka mzima kulipa karo na kununua mabati. Alichopata ni kurasa kumi na mbili za salamu, zimeelezwa kwa Kiingereza kibovu. Akauliza kazi iko wapi, simu ikazimwa. Mama mdogo hadi leo hajui.

Kuanzia Jumatatu naweka masomo hapa, Kiitaliano kwa Kiswahili, bila shilingi. Mimi mwenyewe bado ni mwanafunzi. Kama uko Malindi na unaongea kunishinda, na najua uko, nirekebishe nikikosea.